Uzuri na Wema: Alama za Mama Zetu wa Uwanda wa Makonde

Somo la historia kwa vikundi vya kusikiliza vya Masasi na Newala

Somo hili limepigwa chapa ili kila kikundi kipate kulisoma tena polepole baada ya kulisikia, na yule asiyekuwa na redio naye asikose. Wewe unayelisoma sasa, ikiwa yupo karibu nawe mtu asiyejua kusoma, tafadhali soma kwa sauti.

Nataka kuanza na neno moja la lugha yetu. Neno hilo ni "mzuri". Ukiambiwa, "Fulani ameoa mke mzuri," umeambiwa nini? Umeambiwa kwamba mke huyo ana sura ya kupendeza, au umeambiwa kwamba ana tabia njema? Huenda la kwanza, huenda la pili, na huenda yote mawili. Lugha yetu inalo neno jingine, "mwema", ambalo halina shaka. Mtu mwema ni mwema wa moyo tu. Lakini "mzuri" husimama mlango wa kati, mguu mmoja katika sura na mguu mmoja katika tabia. Ndiyo sababu wengine husema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," na wengine husema, "Kizuri chajiuza," wala hakuna anayewasahihisha. Hata hivyo wazee waliona hatari iliyomo, wakatuwekea methali ya pili: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mkakasi ni kikopo kilichonakshiwa vizuri kwa nje, lakini kifunue, utaona ni mti tu.

Basi swali letu la leo ni hili: je, uzuri wa sura ni alama ya wema wa moyo? Nitalijibu kwa historia ya hapa kwetu, kisha tutasafiri kwa muda mfupi mpaka nchi ya Urusi, halafu turudi nyumbani.

Sababu ya kulichagua somo hili ni jambo lililonipata darasani. Jioni moja nilikuwa nikifundisha watu wazima, nikawaonyesha picha ya zamani ya mwanamke wa Kimakonde, mwenye chale usoni na ndonya kubwa katika mdomo wa juu. Sikuwa nimewatayarisha kwa neno lolote. Vijana wakaangua kicheko, na mmoja akasema kwamba watu wa zamani walipenda ubaya. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akaniomba ile picha. Akaitazama kitambo, kisha akasema kwa upole, "Huyu si mama yangu, lakini mama yangu alikuwa hivi. Alisifiwa kijiji kizima." Akaketi. Kosa lilikuwa langu mimi mwalimu, maana niliwapa watu sura bila historia yake. Leo nataka kulipa deni hilo.

ALAMA ZENYEWE

Ninyi mkaao Newala mnajua kwamba mji wenu uko juu ukingoni mwa uwanda, na ukisimama pale Shimo la Mungu waona nchi yote ikishuka kuelekea bonde la Ruvuma. Ninyi wa Masasi mko chini, upande wa magharibi, kati ya vilima vyenu vya mawe. Katika nchi hii walikaa Wamakonde, Wamakua na Wayao, na kila watu walikuwa na njia yao ya kuupamba mwili. Wanawake wa Kiyao walijulikana kwa kipini cha puani. Wamakonde, wake kwa waume, walichanjwa nembo usoni na mwilini: fundi alikata ngozi kwa kisu kidogo, akapaka vumbi la makaa ndani ya kidonda, na kilipopona ikabaki michoro ya pembe pembe, au ya mjusi, au ya mtende. Na wanawake walitiwa ndonya.

Msichana alitobolewa mdomo wa juu angali mdogo, akatiwa kijiti chembamba. Kijiti kilibadilishwa mara kwa mara kwa kingine kinene zaidi, mpaka mdomo ukaweza kubeba kisahani cha mti. Ndonya nzuri ilichongwa kwa mpingo, ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Kazi hii haikuwa ya siku moja. Ilichukua miaka, nayo iliumiza.

Watu wengi husema kwamba ndonya ilianzishwa ili kuwachukiza wafanyabiashara ya watumwa, wasiwateke wanawake. Ni kweli kwamba nchi hii iliumizwa sana na biashara hiyo. Lakini mimi nadhani maelezo hayo hayatoshi, na nitawaambieni kwa nini. Kwanza, tazameni sanamu na vinyago vya mapiko, ambavyo kwa upande wa Newala huitwa pia midimu. Mchongaji alipotaka kuonyesha mwanamke wa kuheshimiwa, alimchonga na ndonya na nembo zake. Mtu hasugui mpingo mpaka ung'ae ili ajifanye mbaya. Pili, wanawake wa nchi za kusini ya Ziwa Nyasa nao walivaa kitu cha namna hiyo. Dakta Livingstone alipofika bonde la mto Shire karibu na mwaka 1859, alimwuliza mzee mmoja mtawala sababu yake. Mzee alishangaa kuulizwa. Alijibu kwamba ni kwa ajili ya urembo tu. Wanaume wana ndevu, wanawake hawana, sasa mwanamke angeonekanaje asiye na ndevu wala ndonya? Jibu hilo Livingstone aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1865. Twaona basi kwamba wenyewe waliihesabu kuwa ni uzuri.

UZURI ULIOFUNDISHWA

Lakini ulikuwa uzuri wa namna gani? Hapa ndipo penye shina la jambo. Siku hizi twazoea kusema kwamba uzuri mtu huzaliwa nao. Kwa watu wa zamani wa uwanda huu, uzuri ulikuwa jambo la kutengenezwa na kufundishwa. Mtoto alizaliwa akiwa mti usiochongwa, na wazee walimchonga.

Mwaka 1906 alikuja katika nchi hii Mjerumani mmoja, jina lake Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alikaa Masasi na Newala, akakusanya vinyago, akapiga picha, na kitabu chake kikatoka mwaka 1908. Humo aliandika hadithi aliyosimuliwa ya asili ya Wamakonde. Palikuwa na mtu aliyekaa porini peke yake, asiyeoga wala kunyoa nywele. Siku moja akachonga mti kwa mfano wa mtu, akausimamisha karibu na makazi yake. Usiku ule sanamu ikawa mwanamke hai, naye akamwoa. Wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akazaa mtoto maiti. Wakahamia bonde la Mbemkuru, akazaa tena maiti. Wakarudi juu katika vichaka vya upande wa Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Ndiyo sababu, wakasema wazee, Wamakonde hukaa juu mbali na mito mikubwa, ijapokuwa mama zetu wamepata taabu nyingi kushuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo.

Angalieni hadithi hii yasemaje. Mama wa kabila zima alichongwa kwa mkono. Na mchongaji mwenyewe alikuwa mchafu, mwenye nywele ndefu, mpaka alipopata mwenzake. Maana yake ni kwamba mtu hakamiliki peke yake porini. Hukamilika kwa kazi, kwa ndoa na kwa watoto.

Kazi hiyo ya kumchonga mtu ilifanyika hasa katika jando na unyago. Huko wavulana walifundishwa na ngariba na wazee, na wasichana na makungwi. Walifundishwa kuwaheshimu wakubwa, kutoingia nyumba ya wazazi bila kubisha hodi, kutunza siri, kustahimili maumivu bila kulia ovyo, na kuishi vyema na mume au mke. Walipotoka, walipakwa mafuta, wakavikwa vipya, na ngoma ya vinyago ikachezwa. Kijiji kikasema wamekuwa wazuri. Kwa hiyo mtu aliyemwona mwanamke mwenye nembo zilizokamilika na ndonya iliyokaa vizuri, alisoma kama tusomavyo cheti: huyu ana wazazi waliomtunza, huyu amevumilia, huyu amefundishwa.

Lakini sitaki mfikiri kwamba nawasifia wazee tu. Cheti chaweza kusema uongo. Hapana shaka walikuwako wanawake wenye ndonya kubwa na ulimi mkali, na wenye nembo safi na mkono wa choyo. Tena mtoto mdogo hakuulizwa kama anataka kutobolewa. Alama iliyowekwa kwa nguvu yaonyesha utii, na utii si wema wote.

ALAMA ILIPOBADILIKA

Sasa tuje katika historia ya mabadiliko. Mwaka 1876 Askofu Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja. Watu hao walileta desturi na mavazi ya pwani. Baadaye zikaja shule, mashamba ya mkonge yaliyowaita wanaume kufanya kazi mbali, na baada ya Vita Kuu ya Pili ule mpango wa karanga wa Nachingwea uliofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kijana aliporudi nyumbani na kanga na fedha mkononi, alirudi pia na macho mengine. Alikuwa ameona wanawake wasio na ndonya, na amewasikia watu wa mjini wakiwacheka wenye nayo.

Basi kabla ya katikati ya karne ya 20 kupita, desturi ya ndonya ilikuwa inakwisha upande wetu wa Ruvuma. Wapo wanawake waliotobolewa mdomo wakiwa wadogo ili waheshimiwe, kisha wakazeeka kati ya watu waliowacheka kwa kitu kile kile. Wenyewe hawakubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watazamaji. Ndugu yangu, fikiri sana jambo hilo. Bibi aliyekuwa mzuri saa ya asubuhi akaitwa mbaya saa ya jioni, naye moyo wake ni ule ule, mikono yake ni ile ile iliyopanda mlima na mtungi kichwani.

Palikuwa na mtu mmoja aliyejaribu kuitenga alama na fundisho. Huyo ni Padre Vincent Lucas, aliyefika Masasi mwaka 1909, na mwaka 1926 akawa Askofu wa kwanza wa Masasi. Wamisionari wengi waliona jando ni jambo la giza la kupigwa marufuku. Lucas, pamoja na mapadre Waafrika waliozijua desturi zao, waliona kwamba ukiing'oa jando yote umemng'oa mtoto katika watu wake. Wakafanya jando la Kikristo. Vijana walikaa kambini kama zamani, walitahiriwa na kufundishwa na wazee, lakini sala zikashika mahali pa matambiko, na mafundisho yaliyoonekana kuwa mabaya yakaondolewa. Wako waliosema kwamba kanisa limeshindwa na mila, na wako waliosema kwamba mila imemezwa na kanisa. Hata hivyo swali lake lilikuwa la busara: ni lipi katika desturi ndilo wema wenyewe, na ni lipi ndilo vazi lake tu?

WARUSI NAO WALIULIZA

Swali hili si la Wamakonde wala la Waswahili peke yao. Huko Urusi, nchi ya theluji iliyo mbali nasi sana, walikuwako katika karne ya 19 waandishi wa hadithi ambao waliliuliza kwa bidii kuliko wengi. Nitawataja wawili.

Wa kwanza ni Lev Tolstoy, aliyezaliwa mwaka 1828 na kufa mwaka 1910. Katika kitabu chake kikubwa cha Vita na Amani, kilichotoka kati ya mwaka 1865 na 1869, ameweka wanawake wawili. Mmoja ni Hélène, ambaye akiingia karamuni watu wote hugeuza vichwa kwa uzuri wake. Tajiri mmoja, Pierre, anamwoa kwa kuvutwa na sura; halafu anagundua kwamba ndani hamna kitu, wala upendo wala uaminifu. Huyo ndiye mkakasi wetu. Wa pili ni Marya, binti wa kabaila mkali, ambaye sura yake si ya kupendeza na mwendo wake ni mzito. Lakini ana macho makubwa yenye nuru. Na Tolstoy anatuambia jambo la ajabu: nuru hiyo Marya mwenyewe hakuiona kamwe, kwa sababu ilikuwako pale tu alipojisahau. Akijitazama katika kioo, uso wake ulibadilika na nuru ikatoweka.

Siku moja Marya analetewa mchumba, Anatole, ndugu yake Hélène, kijana mzuri wa sura anayetafuta mali. Wanawake wa nyumbani wanamzunguka Marya, wanambadilisha nguo na nywele, kama mwali anavyopambwa. Hawana nia mbaya, lakini kila wanavyozidi kumpamba, ndivyo anavyozidi kuonekana vibaya. Kesho yake Marya anamkuta mchumba huyo amemkumbatia mwanamke mwingine wa nyumba ile ile, Bourienne. Marya hapigi kelele. Anamwambia baba yake kwamba hataki kuolewa, kisha anamsamehe yule mwanamke. Msomaji akifika hapo hamkumbuki tena Marya kuwa ni mbaya wa sura.

Wa pili ni Fyodor Dostoevsky. Katika hadithi yake iliyotoka mwaka 1868 na 1869, mtu mmoja mwema mno, Myshkin, anaonyeshwa picha ya mwanamke mzuri ajabu, Nastasya Filippovna. Katika uso ule anaona kiburi na maumivu, naye anatamani awe ni mwema, maana angekuwa mwema yote yangeokoka. Lakini uzuri haukumwokoa Nastasya. Alikuwa yatima, na tajiri aliyemlea ndiye aliyemharibu angali msichana. Baadaye watu wakashindania kumnunua kwa fedha. Mwisho anauawa na mmoja wa waliompenda. Dostoevsky hasemi kwamba Nastasya ni mbaya. Anatuonyesha jinsi watu wabaya wanavyoweza kuufanya uzuri wa mtu kuwa mzigo wake.

Tolstoy alipozeeka alikuwa mkali zaidi. Katika kitabu chake juu ya maana ya sanaa, kilichotoka mwaka 1897 na 1898, alisema kwamba katika Kirusi cha watu wa kawaida neno la uzuri lilikuwa la macho tu. Ni wasomi, kwa kuiga Ulaya ya magharibi, waliolitumia pia kwa vitendo na tabia, na hapo watu wakaanza kukosa njia. Nilipolisoma hilo nililikumbuka neno letu "mzuri". Sisi twalo neno moja kwa mambo mawili, na yatupasa kulitumia kwa uangalifu.

TURUDI NYUMBANI

Sasa tuyaweke pamoja. Watu wa uwanda waliuandika wema juu ya uso, ili kila mtu ausome. Tolstoy aliutafuta wema katika macho ya mtu aliyejisahau. Wote wawili walitamani sura iseme ukweli, na ni tamaa ya kila mwanadamu. Tatizo ni kwamba maandishi ya usoni yanahitaji msomaji anayeijua lugha yake. Kizazi kilichoijua lugha ya ndonya kimepita, na hao wengine wakatazama maandishi bila kuyaelewa, wakacheka.

Hukumu yangu ni hii. Uzuri ni alama inayowekwa na watu, na watu huibadilisha. Leo ni ndonya, kesho ni kipini, kesho kutwa ni kitu ambacho wajukuu wetu watakicheka. Wema haubadiliki hivyo. Kuheshimu wazazi, kuvumilia, kutosema siri ya mwenzako, kugawana maji yaliyotekwa kwa taabu, mambo hayo yalikuwa mema siku za ndonya, na ni mema sasa. Lakini zamani alama na fundisho vilikwenda pamoja, na mzazi hakuweza kusahau kimoja. Siku hizi twaweza kumnunulia binti nguo nzuri bila kumfundisha neno hata moja, na watu wakamwita mzuri. Hapo ndipo tuna kazi kubwa kuliko wazee wetu.

Na yule mzee wa darasani, jibu lake ni hili: mama yako alikuwa mzuri kwa macho ya watu wake, na kama alikuwa mwema, basi alikuwa mwema kwa macho ya watu wote. Kicheko chetu hakikumpunguzia kitu.

Kabla ya kuachana, zungumzeni katika kikundi chenu maswali haya:

1. Je, yupo katika kijiji chenu mzee anayekumbuka ndonya au nembo? Mwombeni awaeleze, nanyi msikilize bila kumkatiza.

2. Ni mafundisho gani ya jando na unyago mngetaka watoto wenu wayapate, na ni yapi mngeyaacha? Kila mmoja atoe sababu yake.

3. Siku hizi ni alama gani za sura zinazotufanya tumdhanie mtu kuwa mwema au mwovu kabla ya kumjua?

Andikeni majibu yenu katika daftari la kikundi. Nawatakia mazungumzo mema. Kwaherini.